Maswali ya Wasomaji: Tower Bridge, daraja la London linalofunguka kupisha meli

Barua kadhaa zilizotufikia zinahusu daraja moja tu, lile la London lenye minara miwili ambalo hugawanyika katikati na kuinuka. Tumeona ni vyema kuzijibu pamoja badala ya kuzitawanya katika matoleo tofauti.

Swali: Ndugu Mhariri, naomba unieleze kwa nini Waingereza walijenga Tower Bridge kwa namna ambayo kila meli inapokuja barabara hufungwa na watu wakabaki kusubiri. Je, hawakuweza kujenga daraja la juu sana ambalo meli zingepita chini yake, au kuchimba njia chini ya mto?

Jibu: Ndugu msomaji, njia zote mbili unazozitaja zilifikiriwa, na hiyo ya chini ya mto ilikwisha kuchimbwa kabla daraja halijaanza kujengwa. Ili kuelewa kwa nini hazikutosha, inafaa kwanza tuutazame Mto Thames ulivyokuwa katika karne ya 19. Wakati huo London Bridge ndilo lililokuwa daraja la mwisho kabla ya kufika baharini. Mashariki yake hapakuwa na daraja jingine lolote, ijapokuwa huko ndiko mji ulikokuwa ukipanuka kwa kasi, kwa maghala, viwanda na mitaa ya wafanyakazi wa bandarini iliyosongamana katika kingo zote mbili. Mwenye mkokoteni wa farasi aliyetaka kuvuka upande huo alilazimika kurudi magharibi hadi London Bridge, akaingia katika foleni ya wenzake wote waliokuwa na shida hiyo hiyo, kisha akasafiri tena kuelekea mashariki hata kama aliko­kuwa akienda palionekana kwa macho kutoka pale alipoanzia.

Njia ya chini ya mto, iliyoitwa Tower Subway, ilifunguliwa mwaka 1870. Ilikuwa bomba la chuma lenye kipenyo cha mita 2 na kidogo, na hapo mwanzo kibehewa kimoja kilivutwa ndani yake kwa kamba ya waya. Biashara hiyo ilifilisika mapema, kibehewa kikaondolewa, na bomba likageuzwa kuwa njia ya watembea kwa miguu waliolipa nusu peni kila mmoja. Watu wengi waliitumia, lakini farasi na mkokoteni hawakuweza kupita humo, na shida kubwa ya mji ilikuwa mikokoteni.

Ama daraja la juu, kikwazo chake kilikuwa kingo za Thames, ambazo katika eneo hilo ziko chini na tambarare. Meli za matanga zilikuwa na milingoti mirefu, na daraja la kuzipisha lingehitaji kuinuliwa mno, hivyo barabara za kulipandia zingekuwa ama ndefu kupita kiasi ama za mwinuko mkali usiofaa kwa farasi aliyebeba mzigo. Mhandisi maarufu Joseph Bazalgette, yule aliyejenga mfumo wa majitaka wa London, alipendekeza daraja la juu, na pendekezo lake likakataliwa kwa sababu nafasi iliyobaki chini yake haikutosha.

Huenda ukauliza kwa nini wasingewaambia tu wenye meli washushe shehena zao mashariki zaidi, daraja la kawaida likajengwa na mambo yakaisha. Hapo ndipo lilipokuwa fundo lenyewe. Kati ya London Bridge na ngome ya Tower of London kulikuwa na gati nyingi zilizopokea chai, siagi na vyakula vingine kutoka kila pembe ya dunia, na wenye gati hizo walijua kuwa daraja la chini lisilofunguka lingewafungia mlango wa riziki. Walikuwa matajiri, walikuwa na sauti bungeni, na walipinga. Kwa upande mwingine wakazi wa mashariki nao walizidi kulalamika. Mwaka 1876 uongozi wa City of London, eneo la kale la katikati ya London lenye utawala wake, uliunda kamati ya kutafuta ufumbuzi, shindano likatangazwa, na michoro zaidi ya 50 ikawasilishwa. Mchoro uliokubaliwa mwaka 1884 ulikuwa wa Horace Jones, aliyekuwa msanifu majengo wa City mwenyewe, akishirikiana na mhandisi John Wolfe Barry. Kwamba Jones alikuwa karibu sana na waliokuwa wakiamua, hilo lilizua maneno wakati huo, na sidhani kuwa walionung'unika walikuwa wakinung'unika bure.

Bunge lilipitisha sheria ya daraja hilo mwaka 1885, na sheria hiyo ilibana mambo kwa vipimo. Nafasi ya katikati ilitakiwa iwe na upana wa futi 200, yaani mita 61, na daraja likifunguka meli ipate kimo cha futi 135, yaani mita 41 hivi. Wenye gati wakahakikishiwa njia yao, na wenye mikokoteni wakapata barabara yao. Kwa maoni yangu sheria hiyo ndiyo iliyolibuni daraja kuliko msanifu yeyote, kwa kuwa ukishaweka masharti hayo mawili pamoja, barabara ya chini na njia ya meli ndefu mahali pamoja, hubakiwi na namna nyingi za kujenga isipokuwa daraja linalofunguka.

Swali: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni fundi wa mitambo. Nasikia kwamba daraja hilo lilifunguliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894, kabla umeme haujaenea. Kitu kizito namna ile kiliinuliwa kwa nguvu gani?

Jibu: Ndugu fundi, kwa nguvu ya maji yaliyoshindiliwa, na maji hayo yalishindiliwa kwa mvuke. Lakini kabla ya kufika kwenye mitambo, tuangalie kwanza jinsi daraja lenyewe lilivyosawazishwa, kwa sababu nusu ya kazi ya kuinua ilikwisha kufanywa na hesabu za wahandisi.

Sehemu ya katikati ina mabawa mawili, na kila bawa lina uzito unaozidi tani 1,000. Bawa haliishii pale unapoliona likigusa mnara. Mkia wake unaendelea kuingia ndani ya nguzo kubwa iliyosimama mtoni, na kwenye mkia huo kumepakiwa mamia ya tani za chuma na madini ya risasi. Bawa zima linazunguka juu ya mhimili mmoja mnene, kama ubao wa bembea ambao watoto wawili wenye uzito sawa wamekaa pande zake mbili. Upande wa barabara ukipanda, mkia unashuka ndani ya chumba kikubwa chenye giza kilichojengwa ndani ya nguzo kwa ajili hiyo tu, chenye sakafu iliyopindwa kufuata mzunguko wa mkia na iliyo chini ya usawa wa maji ya mto. Kwa hiyo mitambo haibebi uzito wa bawa. Kazi yake ni kulisukuma lianze kuzunguka, kushindana na upepo, na kulizuia lisizidishe mwendo.

Kusukuma kwenyewe kulifanywa hivi. Chini ya barabara ya kuingilia daraja upande wa kusini kulikuwa na boila zilizochochewa kwa makaa ya mawe, na mvuke wake uliendesha injini mbili za kusukuma maji. Kama maji yangetoka kwenye injini moja kwa moja hadi kwenye daraja, injini zingehitaji kuwa kubwa mno, kwa kuwa daraja linataka nguvu nyingi kwa dakika chache kisha halitaki kitu kwa muda mrefu. Kampuni ya William Armstrong, iliyotengeneza mitambo hiyo, ilitumia ufumbuzi ambao Armstrong mwenyewe aliubuni miaka mingi nyuma, nao ni akumuleta: silinda ya chuma iliyosimama wima, yenye pistoni iliyobebeshwa mzigo mzito sana. Injini zilisukuma maji polepole ndani ya silinda na kuuinua mzigo ule hadi juu. Ulipofika wakati wa kufungua daraja, mhudumu alifungua vali, mzigo ukashuka, na maji yakatoka kwa shinikizo la ratili 750 kwa kila inchi ya mraba, yakipitia mabomba hadi kwenye injini ndogo zilizokuwa ndani ya nguzo. Hizo ndizo zilizozungusha magurudumu ya meno, nayo yakaumana na tao kubwa la meno lililofungwa kwenye bawa. Akumuleta zilikuwa sita kwa jumla, mbili karibu na injini za mvuke na nyingine ndani ya nguzo, na kwa nguvu hiyo bawa liliweza kupanda kwa muda wa dakika moja hivi, hadi nyuzi 86, karibu kusimama wima kabisa.

Mfumo wa mvuke ulitumika kwa takribani miaka 80. Kati ya mwaka 1974 na 1976 uliondolewa, na tangu hapo daraja linaendeshwa kwa umeme na mafuta ya haidroliki. Magurudumu ya mwisho ya meno, yale yanayoumana na bawa lenyewe, ndiyo sehemu ya mtambo wa zamani iliyoachwa ikiendelea na kazi. Injini za mvuke hazikuuzwa kama chuma chakavu. Zimehifadhiwa pale pale upande wa kusini, zimepakwa rangi na kung'arishwa, na mgeni anaweza kuziona. Ningekuwa fundi kama wewe, ningeanza huko kabla ya kupanda minarani.

Swali: Je, minara ile ni ya zamani sawa na ngome iliyo kando yake? Na hili ndilo London Bridge lililouzwa Marekani?

Jibu: La, kwa yote mawili. Tower of London ilianza kujengwa katika karne ya 11, na jiwe la msingi la Tower Bridge liliwekwa tarehe 21 Juni 1886. Sura ya kizamani ilikusudiwa tu, kwa sababu ilitakiwa daraja lisigombane na ngome kwa muonekano. Ndani ya minara kuna mifupa ya chuma cha pua isiyohitaji jiwe hata moja ili isimame, iliyofungwa na kampuni ya William Arrol wa Scotland, na takriban tani 11,000 za chuma zilitumika katika daraja zima. Mawe ya nje, matale ya Cornwall na mawe meupe ya Portland, ni vazi la kukinga chuma na kupendeza macho. Jones alifariki mwaka 1887, kazi ikiwa bado kwenye misingi, na aliyeshika usanifu baada yake, George Stevenson, ndiye aliyeipa minara mapambo tunayoyaona leo. Wasanifu kadhaa wa zama hizo walichukizwa na wazo la chuma kuvalishwa mawe, wakaona ni udanganyifu. Mimi nadhani hoja yao ilikuwa ya haki kwa mwanafunzi wa usanifu, lakini haikumsumbua mpita njia yeyote.

Daraja lililouzwa ni London Bridge ya mwaka 1831, iliyokuwa magharibi kidogo ya hapo na ambayo haikuwa ya kufunguka. Mfanyabiashara wa Kimarekani Robert McCulloch aliinunua mwaka 1968 na mawe yake yakajengwa upya Lake Havasu City, jimboni Arizona. Hadithi kwamba alidhani ananunua Tower Bridge imesimuliwa sana, naye aliikanusha.

Swali: Ndugu Mhariri, kuna mzee mmoja alitusimulia kwamba basi la abiria liliwahi kuruka daraja hilo likiwa limefunguka. Sisi vijana tulimcheka. Tafadhali tuamulie.

Jibu: Mwombeni radhi mzee wenu. Tarehe 30 Desemba 1952 basi la namba 78, likiendeshwa na dereva Albert Gunter, lilikuwa likivuka kutoka kusini kuelekea kaskazini jioni, likiwa na abiria 20 hivi. Kwa kawaida mlinzi alipaswa kutoa ishara na malango yafungwe kabla bawa halijaanza kusogea, lakini siku hiyo ishara haikutolewa. Gunter aliona barabara mbele yake kama inashuka. Kilichokuwa kikitokea ni kwamba bawa la kusini, ambalo yeye alikuwa juu yake, lilikuwa limeanza kupanda huku la kaskazini likiwa bado halijaanza. Kusimama kungemwacha juu ya bawa linaloendelea kuinuka, na kurudi nyuma hakukuwezekana, basi akakanyaga mafuta. Basi likavuka ukingo na kudondokea bawa la kaskazini, lililokuwa chini yake kwa futi kama 6. Hakuna aliyepoteza maisha, na dereva akatunukiwa pauni 10. Wengi wanaposimulia kisa hiki humfikiria akiruka pengo pana kama mwanasarakasi, lakini pengo lenyewe lilikuwa dogo. Kilichotisha ni ile tofauti ya kimo, pamoja na ufinyu wa muda aliokuwa nao wa kufikiri.

Rubani naye yumo katika historia ya daraja hili. Tarehe 5 Aprili 1968 Alan Pollock wa Jeshi la Anga la Uingereza alipitisha ndege ya kivita aina ya Hawker Hunter katikati ya minara, juu ya barabara na chini ya njia za juu za watembea kwa miguu zinazounganisha minara hiyo, akiwa amekasirika kwamba jeshi lake lilitimiza miaka 50 bila ndege kuruka juu ya London kuadhimisha. Alikamatwa mara tu alipotua, na baadaye akaondolewa jeshini kwa sababu iliyotajwa kuwa ya kiafya. Hakuwa wa kwanza kupita na ndege mahali hapo, kwani Frank McClean alikwisha kufanya hivyo mwaka 1912 kwa ndege ya kutua majini.

Swali: Zile njia mbili za juu zinazounganisha minara ni za nini? Ni pambo?

Jibu: Si pambo, nazo zilikuwa na kazi mbili, moja ya watu na nyingine ya chuma. Ya watu ilikuwa kwamba daraja linapofunguka, mtembea kwa miguu asisubiri, bali apande ngazi au lifti ndani ya mnara, avuke juu, kisha ateremke upande wa pili. Lilikuwa wazo la busara kwenye karatasi. Ila mabawa yalipanda na kushuka haraka kiasi kwamba aliyezikwea zaidi ya ngazi 200 mara nyingi alimkuta mwenzake aliyesubiri chini akiwa amekwisha kuvuka. Kwa hiyo watu waliona heri kusubiri wakizitazama meli, njia za juu zikabaki tupu, zikapata sifa mbaya ya kuwa maficho ya wachomoa mifuko na makahaba, na mwaka 1910 zikafungwa. Zilifunguliwa tena mwaka 1982 kama sehemu ya maonyesho, na mwaka 2014 zikawekewa vipande vya sakafu ya kioo, zaidi ya mita 40 juu ya maji.

Kazi ya chuma haijawahi kusimama hata siku moja. Sehemu za pembeni za daraja, kati ya minara na kingo, zimening'inizwa kwa minyororo mikubwa, na minyororo hiyo huivuta minara kuelekea nje. Mvuto wa upande mmoja unaunganishwa na wa upande mwingine kwa viungo vya chuma vinavyopita huko huko juu, sambamba na njia za watembea kwa miguu. Hata katika miaka yote ambayo hapakuwa na mtu wa kuzikanyaga, njia hizo zilikuwa kazini.

Swali: Nasikia bandari ya London ilihamia mbali zamani. Je, daraja bado linafunguliwa, na nani analipa gharama?

Jibu: Bado linafunguliwa. Katika mwaka wa kwanza lilifunguliwa zaidi ya mara 6,000, na siku hizi ni mara 800 hivi kwa mwaka. Umesema kweli kuhusu bandari. Shehena zilipoanza kusafirishwa ndani ya makontena katika miaka ya 1960, meli zikawa kubwa mno kwa gati za katikati ya mji, na moja baada ya nyingine zikafungwa. Maghala yaliyobaki yamegeuzwa nyumba, maduka na migahawa. Wale wenye gati waliolilazimisha daraja lifunguke hawapo tena, ila haki waliyoipigania ingalipo. Chombo chenye mlingoti au kimo cha futi 30 au zaidi kina haki ya kufunguliwa, mradi kiwe kimeomba angalau saa 24 kabla, na hakitozwi chochote. Magari husubiri, awe nani ndani yake. Mwezi Mei 1997 msafara wa Rais Bill Clinton wa Marekani ulikatwa vipande viwili kwa sababu daraja lilifunguliwa kupisha jahazi la zamani liitwalo Gladys, lililokuwa limeweka miadi yake mapema na kufika kwa wakati.

Gharama hailipwi na kodi za wananchi, na wanaovuka kwa barabara hawalipi ushuru. Ujenzi wote, uliogharimu pauni 1,184,000, ulilipiwa na mfuko uitwao Bridge House Estates, ambao asili yake ni karne ya 13. Mfuko huo ulitokana na ushuru, kodi za nyumba na ardhi iliyotolewa wakfu kwa ajili ya kutunza London Bridge, na kwa karne nyingi mali yake imekua. Leo unajulikana kama City Bridge Foundation na unatunza madaraja matano ya katikati ya London, kisha unatoa misaada ya hisani kwa kinachobaki.

Mitambo mipya nayo hukwama mara moja moja. Mwezi Agosti 2021 daraja liliganda likiwa wazi kwa karibu saa 12 baada ya kupisha meli ya matanga, na magari yakazungushwa kupitia madaraja mengine. Ukipata nafasi ya kwenda kulitazama, ratiba ya kufunguliwa hutangazwa mapema ikiwa na tarehe, saa na jina la chombo kitakachopita. Chagua chombo chenye milingoti mirefu, kwa sababu mabawa hupandishwa kwa kadiri ya chombo kinachopita na si kila mara yanafika nyuzi 86.